Adimu porini, tele tunduni

Katika biashara ya ndege wadogo wala mbegu, bei haifuati uchache wa ndege porini. Chukua ndege wa Gould, yule wa kaskazini mwa Australia mwenye kifua cha zambarau, tumbo la njano na mgongo wa kijani. Kwao anahesabiwa miongoni mwa viumbe walio hatarini kutoweka, na tangu 1960 Australia imezuia kuwasafirisha ndege wake wa asili kwenda kuuzwa nje. Hata hivyo, mabanda ya Ulaya, Marekani na Afrika Kusini yamejaa ndege hao, vitukuu wa wale waliotoka kabla ya mlango kufungwa. Anayeingia sokoni leo akitegemea sifa ya uadimu wao atajikuta anashindana na maelfu ya wafugaji.

Sasa mtazame mshigi wa zambarau, mwenye kichwa cha hudhurungi, buluu kuzunguka jicho na mdomo mwekundu. Ukipita vichaka vya miiba vya Dodoma, Arusha au Kajiado, utamwona akidonoa mbegu chini wala hutasimama. Huko Ulaya, mfugaji mwenye jozi inayozaa na kulea anatafutwa. Zamani ndege hawa walifika kwa makasha kutoka Afrika Mashariki, wakauzwa kwa bei ya kutupa, na wachache walihangaika kuwazalisha. Umoja wa Ulaya ukasimamisha uingizaji wa ndege wa porini mwaka 2005 kwa hofu ya mafua ya ndege, kisha 2007 ukalifanya zuio hilo kuwa la kudumu. Tanzania nayo ikafunga usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Juni 2022 ilitangazwa ruhusa ya miezi sita kwa wafanyabiashara waliokwama na wanyama wao, lakini ikasitishwa ndani ya siku chache.

Kwa nini basi mshigi huyu asijae mabandani kama ndege wa Gould? Jibu liko kwenye chakula cha vifaranga. Ndege wa Gould hulea makinda kwa mbegu: uwele ulioloweshwa ukaanza kuchipua, mbegu mbichi za majani, na yai la kuchemsha lililopondwa. Mshigi wa zambarau anadai wadudu hai, mchwa kwa mfano, tena mara nyingi kwa siku. Wakipungua hata kwa muda mfupi, wazazi huwatupa makinda nje ya kiota, na asubuhi unawaokota sakafuni wakiwa uchi, hawajaota hata unyoya. Hesabu ya mtaji isiyo na fungu la wadudu ni hesabu ya hasara.

Ndege aitwaye fumbwe ndiye mtihani zaidi. Fumbwe mkia-majani hajengi kiota. Hutaga katika kiota cha mshigi wa zambarau, naye mshigi humlelea. Anayetaka kumzalisha lazima kwanza afaulu kwa mwenyeji wake, yaani agharamie spishi mbili auze moja.

Ndege wa Gould naye ana hila zake. Wapo wenye kichwa cheusi, chekundu na cha njano, na mfugaji mwenye haraka huwachanganya atakavyo. Watafiti Sarah Pryke na Simon Griffith walionyesha mwaka 2009 kwamba jike akipewa dume wa rangi tofauti ya kichwa huzaa madume kwa wingi, na majike wachache wanaoanguliwa hufa sana. Kuna pia mtindo wa kuwapa ndege wa kufugwa waitwao Bengalese mayai ya Gould wayaatamie. Vifaranga huongezeka upesi, lakini unaweza kubaki na kizazi cha wazazi wasiojua kulea. Kwa maoni yangu, huko ni kula mbegu ya msimu ujao.

Chiriku mwekundu wa Venezuela ningemwachia mwenye uzoefu. Alikamatwa kupita kiasi tangu miaka ya 1920, Wajerumani walipoanza kumpandisha na kanari ili wapate kanari mwekundu. Leo yumo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, na wengi wanaouzwa kwa jina lake wana damu ya kanari.

Kwa hiyo anayeanza achague ndege anayeweza kumlisha mwaka mzima, anunue jozi zisizo na undugu kutoka kwa mfugaji anayewaachia wazazi walee wenyewe, na adai kumbukumbu za uzao. Kwa aliye Tanzania au Kenya, ndege wa porini wanalindwa na sheria hata kama wanatua uani kwako. Nenda kwa mamlaka ya wanyamapori, TAWA kwa Tanzania au KWS kwa Kenya, uulize kuhusu kibali kabla hujanunua hata waya wa banda.