Kukoroma si kwa wanaume peke yao

Katika miji yetu ya pwani, kuanzia Kilwa Kivinje hadi Lindi Mjini, kukoroma huhesabiwa kuwa jambo la wanaume. Baba akikoroma, nyumba nzima hucheka. Mama akikoroma, jambo hufichwa. Haya ni katika imani, lakini haituamrishi kuficha maradhi yanayoweza kuudhuru moyo.

Maradhi tunayoyazungumzia ni kukatika kwa pumzi usingizini, ambayo matabibu huyaita apnia ya usingizi. Mtu anapolala, misuli ya koo hulegea. Kwa baadhi ya watu njia ya hewa huziba, oksijeni hupungua katika damu, na ubongo hulazimika kumzindua mwenyewe ili avute pumzi. Huzinduka kwa muda mfupi mno, na asubuhi hakumbuki lolote. Kwa mwenye hali kali, pumzi hukatika au kufifia mara 30 au zaidi kwa saa moja.

Wanawake wasioonekana

Mwaka 1993, watafiti wa Wisconsin nchini Marekani walitangaza matokeo ya uchunguzi wa wafanyakazi wenye umri wa miaka 30 hadi 60. Dalili za kukatika pumzi zilionekana kwa asilimia 24 ya wanaume na asilimia 9 ya wanawake. Hata hivyo, katika kliniki za usingizi wanaume walikuwa wengi kuliko uwiano huo. Maana yake ni kwamba wanawake wengi waliougua hawakufika kwa daktari, au walifika wasitambuliwe.

Sababu moja ni dalili zenyewe. Mwanamume huletwa kwa kukoroma na kusinzia mchana. Mwanamke mara nyingi hulalamikia uchovu, kukosa usingizi, kuumwa kichwa asubuhi au huzuni. Mama aliyeamka kabla ya Alfajiri, akashinda katika shamba la mihogo au la mwani kule Songosongo, nani atamuuliza uchovu wake umetoka wapi? Nayo hatari huongezeka baada ya hedhi kukoma.

Moto wa makumbi

Oksijeni inaposhuka na kupanda usiku kucha, mwili huipokea hali hiyo kama jeraha. Kinga huamka, na mwili huwaka kwa ndani. Matabibu huiita hali hiyo inflamesheni. Ni kama moto wa makumbi: hauna ndimi, lakini hauzimiki upesi, na mishipa ya damu ndiyo inayoumia. Kipimo kimojawapo ni protini ya CRP, inayotengenezwa na ini.

Tiba iliyo maarufu zaidi ni mashine ya CPAP, aliyoibuni Dkt. Colin Sullivan wa Sydney, Australia, na kuitangaza mwaka 1981. Husukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisizibe. Je, moto nao huzimika? Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2014, kwa wagonjwa wenye unene uliokithiri, ulionyesha kuwa mashine peke yake haikushusha CRP. Kilichoishusha ni kupungua uzito.

Hapa ndipo tofauti ya mume na mke inapokuwa na uzito. Kwa kawaida CRP ya wanawake huwa juu kuliko ya wanaume, na unene huizidisha tofauti hiyo. Mafuta ya mwili nayo huchochea moto, na mashine haiyaondoi. Basi wanandoa wawili wanaweza kutumia tiba ileile, na vipimo vyao vya damu visilingane. Mke asikate tamaa akaitupa mashine. Hewa anayoipata usiku bado ina faida kwake. Takwimu za kitaifa za mwaka 2015-16 zilionyesha kuwa asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi. Jambo hili, basi, si la nchi za mbali.

La kufanya nyumbani

Aliyelala hawezi kujitolea ushahidi. Shahidi ni mwenzi wake. Mume akisikia mkewe anakoroma, kisha kimya, kisha anashtuka kama aliyekabwa, asimfanyie mzaha. Amweleze kwa upole, kisha wafuatane hospitali, iwe Kinyonga huko Kivinje au Sokoine mjini Lindi. Waombe kupimwa shinikizo la damu, sukari na uzito, na daktari aelezwe habari za usiku. Akiona haja ya kipimo cha usingizi, atatoa rufaa.

Wakati huohuo, kupunguza uzito, kuacha sigara na kutomeza dawa za usingizi bila idhini ya daktari kunasaidia. Kulalia ubavu wa kulia ni Sunna tuliyofundishwa tangu madrasa, na matabibu nao huwashauri wengi wa wagonjwa hawa walale ubavu badala ya chali.

Surat An-Nabaa inatukumbusha kuwa usingizi umefanywa uwe mapumziko. Mke anayeamka kila siku akiwa amechoka kuliko alivyolala hajayapata mapumziko hayo, na afya yake ni amana mikononi mwa mumewe.