Mnara wa Jirani na Simu ya Sikioni

Kampuni ya simu ikitaka kusimamisha mnara mtaani, iwe Kaptembwo au London (ile ya hapa Nakuru), swali la kwanza la majirani huwa saratani. Kuuliza ni haki yao, na sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inawapa nafasi ya kutoa maoni kabla NEMA, mamlaka ya mazingira, haijatoa leseni. Ila hofu yenyewe naona imeelekezwa pasipostahili.

Mawimbi ya simu ni jamaa ya yale ya redio. Hayana nguvu ya kuvunja chembe za urithi kama eksirei. Athari yao iliyothibitishwa ni kupasha mwili joto, nayo makali yao hupungua upesi kwa umbali. Ukienda mbali mara mbili, inabaki robo. Antena hurusha makumi ya wati, lakini iko juu na imeelekezwa mbele, si chini ya mnara. Simu hurusha kidogo sana, ila imegusa shavu.

Tena simu hujipimia nguvu. Teremka bonde la Subukia ukiwa kwenye matatu, utaona vijiti vya netiweki vikipungua hadi kimoja, betri nayo ikiisha mbio. Hapo simu inapiga kelele ili mnara wa mbali uisikie. Simu ya kabambe ya 2G inaweza kufika wati 2 kwa kila mpigo mfupi, wastani wa robo wati. Simu ya 4G kwa kawaida haizidi wati 0.2. Mnara ukiwa karibu, zote hunong'ona. Mtaa unaofukuza mnara basi unaweza kujiongezea mawimbi kichwani.

Mwaka 2011 IARC, taasisi ya saratani ya Shirika la Afya Duniani (WHO), iliyaweka mawimbi haya kundi la 2B, yaani “huenda yanasababisha saratani”. Humo imo pia dondoo ya jani zima la mshubiri, mmea ambao watu wa Baringo wanaujua vyema. Mapitio ya tafiti yaliyoagizwa na WHO na kuchapishwa 2024 hayakukuta uhusiano kati ya simu na saratani ya ubongo.

Anayetaka tahadhari atumie spika, au aandike ujumbe netiweki inapokuwa hafifu. Mwenye bodaboda aliyechomeka simu ndani ya helmeti akipita Salgaa, huyo simhofii mawimbi. Namhofia trela lililo nyuma yake, ambalo hawezi kulisikia.