Je, Wajua? Kutoka Jamvi Hadi Kofia

Je, wajua kwamba bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30? Namba ikipanda, unene unashuka. Wengi hutoka dukani wakifurahia geji 32 wakidhani wamepata bati gumu. Ukienda kununua Madaba mjini, rangi iache mwisho. Anza na geji.

Je, wajua kwamba fundi anayepima msingi hahitaji kifaa cha shule ili apate kona ya digrii 90? Anapigilia kigingi, anahesabu futi 3 kwenye kamba ya upande mmoja na futi 4 kwenye kamba ya upande wa pili, kisha anavuta tepu kati ya alama hizo mbili. Ikisoma futi 5 kamili, kona imekaa. Ikizidi hata inchi moja, kona imefunguka, na kamba inasogezwa mpaka itulie. Nyumba ikiwa ndefu anatumia 6, 8 na 10, maana kwenye vipimo vikubwa kosa dogo huonekana mapema. Ni kanuni ileile ya Pythagoras iliyowatoa jasho watu kidato cha pili. Usawa wa lenta nao unapatikana kwa mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani: mmoja anashika ncha huku, mwingine kule, na maji yanapotulia pande zote mbili, mnapiga alama.

Je, wajua kwamba kitabu cha marejeo ya usanifu majengo kilichotamba kuliko vyote, kile cha Banister Fletcher na mwanawe, kilitoka Uingereza mwaka 1896? Matoleo yake ya baadaye yalikuwa na mchoro maarufu wa mti: shina lilikuwa Ugiriki na Roma, huku India, China, Misri na Peru zikiwa matawi ya chini yasiyoendelea popote. Toleo la 1901 lilifika mahali pa kuiweka mitindo ya Wahindi, Wachina na Waislamu katika fungu la “isiyo ya kihistoria”. Sisi wa kusini mwa Sahara hatukupata hata kijiti.

Na je, wajua kwamba mti huo ulipochorwa, Kilwa Kisiwani palikuwa na msikiti mkuu wa mawe uliopanuliwa mwanzoni mwa karne ya 14? Kuba lake moja lilibaki kuwa kubwa kuliko yote Afrika Mashariki hadi karne ya 19. Karibu yake kuna Husuni Kubwa, kasri lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogea la pembe nane. Msafiri Ibn Battuta alipita hapo mwaka 1331 akauandika kuwa mji mzuri wenye nyumba za miti, na pengine hakukosea: mawe yalikuwa ya wakubwa, wengine waliishi kwenye nyumba za miti na udongo. UNESCO iliyaorodhesha magofu hayo mwaka 1981.

Je, wajua kwa nini vyumba vya nyumba za kale za mawe za pwani ni virefu na vyembamba? Ni boriti. Mkoko unaofaa kubeba dari una urefu wake, kwa hiyo upana wa chumba uliishia kama mita 2.5 hadi 3, hata kama mwenye nyumba alikuwa na fedha za kumwaga.

Je, wajua kwamba vitabu vimeanza kujirekebisha? Mwaka 1997 Paul Oliver alihariri ensaiklopidia ya juzuu tatu kuhusu nyumba za wenyeji duniani kote. Toleo la 21 la Fletcher, la mwaka 2019, liliandikwa upya, na Afrika ina sura zake. Asiyependa kusoma aende Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam, kilichoanzishwa mwaka 1966: msonge wa Wahaya na tembe la Wagogo vimejengwa palepale, unaingia ndani ukiinamisha kichwa.

Je, wajua kwamba Peramiho, misheni iliyoanzishwa na Wabenediktini mwaka 1898, iliteketezwa katika vita vya Maji Maji mwaka 1905, ikajengwa upya na kuwa abasia mwaka 1931? Karakana zake zilifunza maseremala na waashi wengi wa Songea.

Je, wajua kwamba shamba la miti la serikali la Wino, hapahapa Madaba, lilianzishwa mwaka 2010? Msindano unaopandwa humo unatoa mbao nyepesi za kenchi, lakini mbao mbichi isiyotiwa dawa ni karamu ya mchwa.

Je, wajua kwamba tanuru moja la matofali hutoa matofali ya aina mbili? Ya katikati hupata moto wa kutosha. Ya pembeni, yaliyokaribiana na tope lililokandikwa nje, hubaki mabichi. Kabla ya kulipa, chukua mawili uyagonge. Yakilia kama kengele, pakia. Yakitoa mlio mzito, muuzaji akupunguzie bei, ujengee banda la nguruwe.