Kabla ya Kununua Elden Ring
Mchezo huu wa video, uliotolewa mwaka 2022 na kampuni ya FromSoftware ya Japani, humpa mchezaji ulimwengu mpana wa kuuzunguka kwa uhuru: akishindwa na adui, aweza kwenda kwingine kujiimarisha, kisha arudi. Hata hivyo, hauna kiwango chepesi cha kuchagua, na mchezaji hufa mara nyingi kabla ya kufaulu.

Duka la Steam hurejesha fedha iwapo ombi limewasilishwa ndani ya siku 14 tangu ununuzi na mchezo umechezwa kwa muda usiofika saa 2. Muda huo huisha upesi. Tunamshauri mnunuzi autumie kupigana, si kutalii. Nyongeza ya mwaka 2024, Shadow of the Erdtree, huuzwa kando, wala haichezeki bila mchezo wa awali.