Mfungwa Aliyeachiliwa Katika Riwaya ya Upelelezi

Aghalabu riwaya ya upelelezi huanza na maiti, kisha hurudi nyuma kumsaka muuaji. Iko aina nyingine ambayo fumbo lake huletwa na mtu aliye hai: mfungwa aliyetoka gerezani karibuni. Mfano bora wa aina hii ni Farewell, My Lovely ya Raymond Chandler, iliyotolewa mwaka 1940.

Mandhari ya riwaya hii ni mji wa Los Angeles, Marekani. Moose Malloy, jitu la miraba minne, amemaliza kifungo cha miaka 8 kwa wizi wa benki. Anakwenda katika kilabu cha Florian's, barabara ya Central Avenue, kumtafuta mpenzi wake Velma aliyekuwa akiimba hapo. Hajui kwamba mahali pamebadilika: wenye kilabu na wateja wake sasa ni watu weusi, wala hakuna amjuaye Velma. Katika kuulizia huko anamvunja meneja shingo, naye Philip Marlowe, mpelelezi wa kujitegemea aliyekuwa mtaani kwa shughuli nyingine, anajikuta shahidi.

Mfungwa wa namna hii si mshukiwa tu, bali ndiye chimbuko la fumbo. Kwake yeye wakati ulisimama siku alipofungiwa mlango, na miaka 8 ile ndiyo pengo ambalo mpelelezi hana budi kulijaza. Malloy huuliza Velma yuko wapi. Swali lililopasa kuulizwa ni Velma amekuwa nani. Jibu ni kwamba amekuwa Bibi Grayle, mke wa tajiri mzee, na kila alicho nacho kinategemea kutojulikana kwake kwa zamani. Ndiyo maana wanapokutana, mapenzi ya Malloy yanajibiwa kwa risasi. Velma anatoroka, na anapotambuliwa mjini Baltimore anamwua askari kanzu, kisha anajiua.

Hata hivyo, liko jambo la pili ambalo mhakiki hapaswi kulipita. Yule meneja aliyevunjwa shingo alikuwa mtu mweusi. Nulty, mpelelezi wa polisi aliyekabidhiwa kesi, analalamika kwamba mauaji ya mtu kama huyo hayatampatia hata mistari michache gazetini. Kwa kuyatia maneno hayo kinywani mwa Nulty, Chandler anaufichua ubaguzi wa polisi wa mji ule. Lakini muundo wa riwaya nao unafuata njia ile ile: mwishoni msomaji anajua mengi juu ya Velma, na juu ya marehemu yule karibu hajui kitu. Yanayolaumiwa katika mazungumzo yanatendeka tena katika msuko.

Jambo hili lina maana kwa fasihi ya Kiswahili pia. Tangu Muhammed Said Abdulla alipomleta Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, mwaka 1960, uhakiki umezoea kumlinganisha mpelelezi huyo na Sherlock Holmes, yaani kupima werevu wa kufumbua. Riwaya ya Chandler yaonyesha kipimo kingine. Mbali na kuuliza fumbo limefumbuliwaje, yafaa kuuliza ni kifo cha nani kilichohesabiwa kuwa fumbo, na ni cha nani kilichoachwa kikasahauliwa.