Mgongo unauma na watoto bado wadogo: Lini upasuaji, lini subira

Mtoto wa mwaka mmoja ana uzito wa kilo 9 hadi 10. Mama anambeba, anamshusha na kumbeba tena mara nyingi kwa siku. Ongeza ndoo ya maji ya lita 20, ambayo ni kilo 20 hata kabla hujahesabu ndoo yenyewe. Ongeza beseni la nguo, fagio fupi na jiko la mkaa lililoko chini.

Kwa mama wa Kibaha au Kisarawe, mgongo ukianza kuuma hakuna likizo. Na siku akiambiwa "huenda ukahitaji upasuaji", swali linalomjia haraka ni hili: watoto nitamwachia nani?

Haya ndiyo mambo ya kujua kabla hujafika huko.

Si wewe peke yako

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini mwaka 2020. Ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya watu kushindwa kufanya shughuli zao.

Habari njema ni kwamba karibu asilimia 90 ya maumivu hayo hayatokani na ugonjwa mmoja unaoweza kuonyeshwa kwa kidole. Ni misuli, mishipa na viungo vilivyochoka au kukazwa. Mara nyingi yanapungua ndani ya wiki 6 bila kisu.

Kwa mama wa watoto wadogo kuna sababu za ziada. Wakati wa ujauzito, homoni hulegeza viungo vya nyonga na mgongo, na tumbo huvuta mwili mbele. Misuli ya tumbo inatanuka, na baada ya kujifungua inachukua miezi kurudisha nguvu. Wakati huohuo kazi za nyumbani zinamsubiri, na usingizi wenyewe ni wa kukatikakatika.

Je, ni ile sindano ya mgongo?

Akina mama wengi waliojifungua kwa upasuaji wanaamini mgongo wao uliharibiwa na sindano ya ganzi. Maumivu pale ilipochomwa ni ya kawaida kwa siku chache. Lakini tafiti zilizolinganisha akina mama waliochomwa na wasiochomwa hazijaonyesha kwamba sindano hiyo inaleta maumivu ya mgongo ya miaka.

Kwa nini basi imani hiyo ni kubwa? Kwa sababu maumivu ya mgongo baada ya kujifungua ni ya kawaida sana, hata kwa aliyejifungua njia ya kawaida. Ukilaumu sindano tu, unaweza kuacha kushughulikia chanzo chenyewe: misuli dhaifu na namna unavyobeba vitu.

Dalili za kwenda hospitali leo, siyo kesho

Usisubiri ukiona mojawapo ya haya:

- Unashindwa kukojoa, au mkojo au haja kubwa inatoka bila wewe kujua.
- Ganzi sehemu za siri, makalio au katikati ya mapaja.
- Mguu unaishiwa nguvu, unaburuta, au miguu yote miwili inalegea.
- Maumivu yalianza baada ya kuanguka au ajali ya bodaboda.
- Homa, jasho la usiku au kupungua uzito pamoja na maumivu.
- Umewahi kuugua saratani.

Tatu za kwanza zinaweza kumaanisha mishipa ya fahamu iliyoko mwisho wa uti wa mgongo imebanwa vibaya. Hapo upasuaji ni wa dharura, na saa zinahesabiwa. Ukichelewa, mkojo na nguvu za miguu vinaweza visirudi kama zamani.

Homa na kukonda kunaweza kuashiria kifua kikuu cha uti wa mgongo. Ndiyo, TB hushika mifupa pia. Inatibika kwa dawa, na nchini dawa za TB hutolewa bure. Kinachoharibu ni kukaa nayo miezi ukijipaka dawa ya kuchua.

Njia ya matibabu kutoka Pwani

Kama huna dalili za hatari, anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Kutoka hapo, mgonjwa wa Kisarawe hupelekwa Hospitali ya Wilaya ya Kisarawe. Ngazi ya mkoa ni Hospitali ya Rufaa ya Tumbi, iliyoko Kibaha kando ya barabara ya Morogoro.

Ikionekana kuna haja ya bingwa wa uti wa mgongo, rufaa huenda Dar es Salaam. Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996, ndiyo inayobeba kazi kubwa ya upasuaji wa mifupa, ubongo na uti wa mgongo. Hospitali ya Muhimbili tawi la Mloganzila nayo iko jirani zaidi kwa watu wa Kibaha.

Safari yenyewe ni sehemu ya ugonjwa. Kutoka Maili Moja unapanda daladala hadi Mbezi, kisha unabadilisha. Kutoka Kisarawe unapita Pugu na Gongo la Mboto. Kwa aliyeko vijijini huko Maneromango au Mzenga, kabla ya yote kuna barabara ya vumbi. Ukiweza, epuka bodaboda kwenye mashimo, kaa viti vya mbele vya gari, na weka kanga iliyokunjwa nyuma ya kiuno.

Beba karatasi zote: rufaa, picha za zamani, na majina ya dawa ulizotumia. Ukizisahau, huenda ukarudishwa kuanza upya.

"Pingili zimesagika": usiogope picha kabla ya maelezo

Eksirei inaonyesha mifupa. Haionyeshi diski, ile nyama laini iliyoko kati ya pingili, wala mishipa ya fahamu. Kipimo cha MRI ndicho kinachoonyesha hivyo, na ni ghali. Ndiyo maana daktari mzuri haanzi na MRI kwa kila mgongo unaouma.

Kuna jambo lingine. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015 yaliangalia picha za watu wasio na maumivu yoyote. Asilimia 37 ya wenye miaka 20, na asilimia 52 ya wenye miaka 30, walikuwa na diski zilizoanza kuchakaa. Hawakuumwa kitu.

Kwa hiyo ukisoma kwenye ripoti kwamba diski "imechakaa" au "imetokeza", haina maana moja kwa moja kwamba ndiyo inayokuumiza. Muulize daktari: hiki kilichoonekana kinalingana na ninavyoumwa?

Nani hasa anahitaji upasuaji?

Upasuaji husaidia zaidi pale diski iliyotoka inapobana mshipa wa fahamu. Dalili yake ni maumivu yanayoteremka kutoka kiunoni au makalioni hadi chini ya goti, kama umeme au moto, pamoja na ganzi. Kwa maumivu ya mgongo peke yake, yasiyoteremka mguuni, upasuaji mara nyingi hauleti nafuu unayoitarajia.

Na hata diski ikibana mshipa, si lazima ukimbilie kisu. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2007 ulifuatilia wagonjwa 283 waliokuwa na maumivu makali ya mguu kwa wiki 6 hadi 12. Kundi moja lilipangiwa upasuaji wa mapema. Jingine lilipangiwa kusubiri huku likitibiwa, na asilimia 39 yao hatimaye walipasuliwa.

Matokeo? Waliopasuliwa mapema walipata nafuu haraka zaidi. Lakini baada ya mwaka mmoja, asilimia 95 ya makundi yote mawili walisema wamepona.

Kwa mzazi, hapo ndipo uamuzi ulipo. Kama maumivu yanavumilika na mguu una nguvu, kusubiri ni chaguo la kweli, siyo uoga. Kama hulali, huwezi kumwogesha mtoto, na wiki zinapita bila mabadiliko, kupona mapema kuna thamani yake. Kama mguu unazidi kuishiwa nguvu, usisubiri.

Kulea huku mgongo unauma

Kulala kitandani siku nzima kunadhoofisha misuli na kuchelewesha kupona. Endelea kutembea, hata ukizunguka nyumba tu, na badili namna ya kufanya kazi:

- Kumbeba mtoto: Piga goti moja, msogeze mtoto kifuani, ndipo unyanyuke kwa nguvu ya miguu. Anayeweza kutembea, mwache apande kwenye stuli au kitanda kwanza.
- Mbeleko: Mgongoni ni bora kuliko kiunoni upande mmoja. Funga juu na kaza vizuri, asining'inie.
- Kunyonyesha: Lala ubavu, au kaa umeegemea na mto chini ya mtoto. Mlete mtoto kwenye ziwa, usimwinamie.
- Maji: Gawa ndoo moja kuwa vidumu viwili vya lita 5 au 10, kimoja kila mkono.
- Kufua na kupika: Pandisha beseni na jiko juu ya meza imara au matofali, mbali na watoto. Kukuna nazi kwenye mbuzi kwa muda mrefu mwachie mwingine.
- Kufagia: Funga mti mrefu kwenye fagio la chelewa.

Kuhusu dawa, diklofenaki na ibuprofeni hutuliza kwa siku chache, lakini zikitumiwa ovyo huumiza tumbo na figo. Kama una mimba, usizimeze bila kumuuliza daktari, hasa baada ya wiki 20. Kama unanyonyesha, sema hivyo unapoandikiwa dawa. Kuchuliwa taratibu kunaweza kutuliza. Kukanyagwa mgongo au kuvutwa pingili na mtu asiyesomea ni kujitafutia balaa.

Omba pia kuonana na mtaalamu wa fiziotherapia. Mazoezi anayofundisha ni sehemu ya tiba yenyewe, na mengi yanafanyika kwenye mkeka nyumbani.

Ukipangiwa upasuaji, panga nyumba kwanza

Upasuaji wa kuondoa kipande cha diski kinachobana mshipa kwa kawaida hufanywa kwa nusu kaputi. Wengi hutembea ndani ya siku moja au mbili. Hatari zipo: maambukizi, kuvuja damu, kuumia mshipa, au diski kutoka tena.

Kazi ngumu ni wiki 6 za kwanza nyumbani. Katika kipindi hicho madaktari wengi hukataza kuinama, kujipinda na kunyanyua vitu vizito. Mtoto wa kilo 10 ni mzigo mzito. Hilo lazima familia nzima ilisikie, baba akiwemo, ikiwezekana kutoka kwa daktari mwenyewe.

Kabla ya tarehe kufika:

- Tafuta mtu mmoja wa kulala nyumbani: bibi, shangazi, mdogo wako au dada wa kazi. Wiki mbili hazitoshi.
- Muulize daktari kuhusu kunyonyesha. Mara nyingi mama anaweza kuendelea akishazinduka vizuri, lakini inategemea dawa ulizopewa.
- Kama kuna uwezekano una mimba, sema kabla ya eksirei na kabla ya upasuaji. Zungumza pia kuhusu uzazi wa mpango.
- Mwandae mtoto. Mwambie mama atakaa chini kumkumbatia, lakini hatambeba. Watoto wa miaka mitatu wanaelewa kuliko tunavyodhani.

Pesa na kazi

Uliza gharama kwa maandishi kabla, na kama una bima hakikisha kipimo na upasuaji huo vimo. Kama huna uwezo, onana na afisa ustawi wa jamii wa hospitali mapema, usisubiri siku ya kuruhusiwa.

Kwa mwajiriwa, sheria ya kazi ya mwaka 2004 inatoa likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Unachohitaji ni cheti cha daktari.

Maswali matano ya kwenda nayo kwa daktari

1. Ni nini hasa kinachobana, na kinalingana na dalili zangu?
2. Nikisubiri wiki 6 nyingine, nahatarisha nini?
3. Upasuaji utaondoa maumivu ya mguu, ya mgongo, au yote?
4. Lini nitaweza kumbeba mwanangu?
5. Nikiona dalili gani nirudi mara moja?

Yaandike kwenye simu kabla ya kuondoka nyumbani, na nenda na mtu wa kusikiliza pamoja nawe.