Mvua Nyingi, Maji Haba

Noti ya yuan 20 ya China ina picha ya Mto Li karibu na mji wa Xingping, na watalii wengi hushuka pale wameishika mkononi wakiilinganisha na vilele vilivyo mbele yao. Kati ya Guilin na Yangshuo, huko Guangxi, mto huo hupita kilomita 83 katikati ya milima iliyosimama wima kama vichuguu. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza Guilin katika urithi wa dunia.

Milima hiyo ni mabaki ya mwamba mkubwa ulioliwa na maji. Zaidi ya miaka milioni 350 iliyopita hapa palikuwa na bahari ya joto, yenye kina kifupi, na magamba ya viumbe wake yalirundikana chini hadi yakawa jiwe la chokaa. Ardhi ilipoinuka, mvua ikaanza kazi. Maji yakipenya kwenye udongo wenye mizizi na majani yanayooza hujaa kaboni dioksidi, yakawa asidi hafifu inayoyeyusha chokaa sehemu ndogo ya milimita kwa mwaka. Ufa huwa mfereji, mfereji huwa pango, na pango hatimaye huporomoka. Msafiri Xu Xiake, aliyezunguka Guangxi, Guizhou na Yunnan kati ya 1637 na 1640 akiingia mapango kwa mamia, alikwisha kuandika kwamba maji ndiyo yaliyoyachonga.

Nakusihi usiishie kwenye boti. Panda hadi vijiji vya milimani, uone mandhari hayo yanavyomgharimu mkulima. Mvua hapa ni nyingi, lakini haikai juu: huzama kwenye nyufa na kwenda zake kwenye mito ya chini kwa chini, na kijiji kilicholowa masika hukosa maji kiangazi. Ndiyo maana watu hujenga matangi ya kukinga mvua. Mahindi hupandwa kwenye vijisehemu vya udongo kati ya mawe, na udongo wenyewe ni adimu, kwani chokaa ikiyeyuka huacha masalia kidogo mno. Miti ikikatwa, udongo huo husombwa hadi mashimoni na kubaki mwamba mtupu. Kuurudisha huchukua maelfu ya miaka. Kwangu mimi, hili ni jambo zito kuliko uzuri wote wa mto.

Huko Pingtang, Guizhou, tabia hiyohiyo ya ardhi imewafaa wanasayansi. Darubini ya redio ya FAST, yenye kipenyo cha meta 500, ilikamilika mwaka 2016 ndani ya bonde la mviringo lililochimbwa na maji. Milima inayolizunguka huzuia mawimbi ya redio kutoka nje, na mvua hupotelea ardhini bila kugeuza bonde kuwa ziwa. Mgeni huacha simu na kamera kabla ya kuikaribia. Maelfu ya wanavijiji walihamishwa ili kuipisha.